Mstari Wenye Jina la Ireri

Kanja, Embu
Jumapili, 18 Januari 1998

Kwa ndugu yangu mpendwa Ireri,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, kifua kimetulia, na umeacha ile tabia yako ya kutoka nje bila koti ukidhani baridi ya Uingereza ni ndugu ya umande wa hapa kwetu. Ukitaka kujua hali zetu, sisi tunapumua. Mama ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yenyewe yana haki ya kulalamika, kwa maana mvua hii wanayoiita El Nino bado haijatuaga. Kahawa imeanguka kabla ya kuiva. Ndugu yetu Nthiga ameandika kutoka Mitunguu kwamba mto umemeza mifereji yake, lakini ndizi zimesimama, na mkewe Kawira alitutumia mkungu mzima wakati wa Krismasi. Tuliula mpaka Mama akasema tutaanza kuota majani.

Mama amekaa hapa karibu nami anachambua maharagwe. Ametoa amri kwamba kila aya nikiimaliza nimsomee kwa sauti, na mahali asipoelewa nirudie kuandika. Kwa hivyo ukiona nakueleza mambo ambayo wewe ndiwe uliyenifundisha, usinicheke. Si wewe ninayekufunza, ni Mama, na unajua Mama si mwanafunzi wa kunyamaza.

Barua yako ilinifikia tarehe sita, Jumanne, ikiwa na ile fomu ya profesa wako ndani. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vya matope. Kwamba siku ya maonyesho stesheni zote kumi na mbili za mtambo wenu ziliongea pamoja na kila moja ikasikia yake tu. Kwamba wale wataalamu wa benki inayokudhamini walileta chombo chao, wakautoboa uzi wa kioo katikati kama wezi, wakatazama saa mbili nzima wasipate hata neno moja. Kwamba udhamini wako umeongezwa hadi umalize shahada. Ireri, nililia. Mama aliponiona alidhani kuna msiba akaanza kuuliza ni nani, ni nani.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa pili. Umesema profesa amenitengea nafasi ya kusoma shahada ya pili kwake, kila kitu kimelipiwa, kuanzia Septemba. Umesema kwa upande mmoja ni kwa sababu ya jedwali la namba nililolipanga, lakini lililomshangaza hasa ni jinsi nilivyolipata lile kosa. Watu wanne walikuwa wamelitafuta wiki mbili na vyombo vyao vyote, mimi nikalitaja kwa simu ya posta kwa sentensi moja. Anataka niandike, mahali palipoachwa wazi kwenye fomu, njia niliyoitumia. Na wewe umeongeza kwa kalamu nyekundu kwamba nisiwe na haya, nijisifu kama mwanaume.

Nitakujibu swali hilo. Ila niache nilijibu kwa taratibu zangu za ubaoni, kutoka mwanzo, kila hatua mahali pake.

Unakumbuka uliponiandikia mwaka jana mwezi wa nne, ukaniletea kazi yako kama kitendawili. Ulisema kuna uzi mmoja wa kioo, mwembamba kama unywele, na watu kumi na wawili wanataka kuongea ndani yake kwa wakati mmoja bila kupangiwa zamu. Kila mmoja anapewa mtindo wake wa mwanga: mimweko mitatu ndani ya nafasi sabini na tatu, na umbali kati ya mimweko ndio alama yake. Anayemngojea upande wa pili anaujua ule umbali, basi anashika mwanga wake na kuacha wa wengine upite. Asiyeujua, hata auchungulie uzi mchana kutwa, ataona mwanga unacheza tu. Hapo nimemsomea Mama, naye amesema basi ni kama maombi ya Jumatano kanisani, kila mtu anapaza lake na Mungu anatenganisha. Nimemwambia ndivyo, tofauti ni kwamba mashine haina huruma, ukikosea mpango inachanganya watu.

Na mpango wenyewe ni huu: umbali ukishatumika kwa mtu mmoja, usitumike tena kwa mwingine popote. Nilipokuna kichwa siku mbili nikaona kwamba kitendawili chako ni sawa na kuzichukua namba moja hadi thelathini na sita, zote bila kuacha hata moja, na kuzigawa katika mafungu kumi na mawili ya tatu tatu, kila fungu namba mbili ndogo zikijumlishwa zitoe ile kubwa. Nane na kumi, kumi na nane. Saba na kumi na tisa, ishirini na sita. Ukianza unaona ni mchezo wa watoto. Ukifika fungu la tisa unabaki na namba zisizopatana kabisa, kama wakwe kwenye mazungumzo ya mahari, unavunja unaanza upya.

Nilikata vikaratasi thelathini na sita kutoka kwa mitihani ya zamani ya kidato cha pili, nikawa navipanga kwenye sinia likizo nzima ya Aprili. Mama aliuliza kama mwalimu wa hesabu ameanza kucheza karata. Shule zilipofunguliwa nilivibeba kwenye bahasha. Siku vilipokubali, mwezi wa sita, nilikuwa katika chumba cha walimu wakati wa chai, nikapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Sikuweza kumweleza mtu. Nikaketi, nikanywa chai yangu baridi, nikajisikia kama yule msichana wa mwaka ule Baba alipofariki, mwenye barua ya kuitwa chuo kikuu mkononi, kabla hajaikunja na kwenda kusomea ualimu ili nyinyi wadogo msome. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakuambia ujue kwamba jedwali lile lilinipa furaha yangu mwenyewe, si ya mtu mwingine.

Nawe ukanijibu kwamba kompyuta ya profesa imelipekua jedwali lote kwa kufumba na kufumbua na haikupata doa. Ukaniambia pia kwamba, kwa kucheza tu, umezipa stesheni majina ya watu wa nyumbani. Fungu lenye nane, kumi na kumi na nane ukalipa jina la Mama. Mimi ukanipa lingine, Nthiga lake, hata Rwamba anayepima kahawa faktorini akapata stesheni yake Ulaya bila kuomba. Wewe mwenyewe ukachukua mstari wa tisa: saba, kumi na tisa, ishirini na sita.

Halafu ukafika mwezi wa Oktoba. Sisi walimu tulikuwa kwenye mgomo, tumekaa nyumbani, na barua yako ikaja na mwandiko unaoyumba ukisema umelazwa, mapafu yana maji, daktari hakukuruhusu hata kuketi. Na ulikuwa na wasiwasi wa kazi, si wa mapafu. Nyuzi zilikuwa tayari kukatwa. Umbali kati ya mimweko hutengenezwa kwa urefu wa uzi, uzi ukiwa mrefu mwanga unachelewa, na kila nafasi moja ni sentimita ishirini, ukitoa moja na nusu kwa ajili ya viungio. Ukaniomba nipige hesabu ya urefu wa vipande vyote arobaini na vinane, vinne kwa kila stesheni, na kuituma moja kwa moja maabara, ili mafundi wakate wewe ukiwa kitandani. Nilifanya hesabu hiyo kwa siku tatu. Nikaipeleka mjini Embu kwa Mbae, yule mwenye ofisi ya kupiga chapa karibu na soko, na mpiga chapa wake, msichana anayeitwa Purity, akaipiga chapa vizuri sana, kisha wakaituma kwa faksi. Mafundi wakakata. Wewe ukapona, Mungu asifiwe, ukarudi kazini.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, acha nikuambie ya upande wangu. Jumamosi ile ya mwisho wa Novemba Rwamba alinijia mbio kwamba kuna simu ya ng'ambo kwenye ofisi ya chama cha kahawa. Nilifika nikihema. Sauti yako ilikuwa imekauka. Ukasema stesheni yako inashika maneno ya stesheni ya Mama, watu wengi wakiongea pamoja yanaingia kabisa, na hamjui ni kwa nini. Mmebadilisha taa, mmesafisha viungio, mmepima kila chombo. Profesa amesema mbele ya wote kwamba mikono yako ilikuwa ikitetemeka baada ya ugonjwa ukaharibu kuunganisha. Maonyesho ni Ijumaa, na benki ndiyo inayokulipia, wakiona stesheni mbili zinachanganyikana watajitoa, na wewe utarudi nyumbani bila shahada. Ukaniuliza kama ninaweza kupitia hesabu zangu tena. Nikasema nipe mpaka Jumatatu.

Mvua ya usiku huo ililaza nguzo za simu kutoka Kanja hadi kule chini. Jumatatu simu ya chama ilikuwa imekufa. Jumanne nikajaribu kwenda mjini, nikakuta daraja dogo limebebwa, watu wamesimama huku na huku wakipungiana mikono. Jumatano nilivaa gambuti za Mama, zile buti za mpira, nikazunguka kwa juu mashambani, nikavuka mto kwa kushikwa mkono na wachuma chai nisiowajua, nikafika Runyenjes kwa miguu, na kutoka hapo nikapanda lori la mchanga hadi Embu. Foleni ya simu pale posta ilikuwa ndefu kuliko ya mazishi ya tajiri. Nilipokupata nilikuambia tu: mstari wako, kipande cha kwanza, si mia moja hamsini na nane na nusu, kikate mia moja thelathini na nane na nusu. Nikakusikia ukiandika, halafu ukapiga kelele. Ukauliza kosa hilo liliingiaje. Nikakujibu kwamba lazima ni mpiga chapa. Muda ukaisha.

Nilipita kwa Mbae nitume pia kwa faksi, ili mafundi wawe na maandishi. Mbae akauliza kuna shida gani, nami nikamwambia lile lile nililokuambia wewe. Purity alikuwa ametoka kununua karatasi. Nikatuma, nikarudi nyumbani.

Jumamosi simu zilifufuka na Rwamba akaja tena mbio, safari hii akiimba, kwamba ndugu wa mwalimu amepiga simu kusema imeingia, imeingia yote. Hakujua ni nini kilichoingia lakini aliimba. Mama alichinja yule jogoo aliyekuwa akimsimanga. Nilikula, Ireri, nikalala, na kwa mwezi mzima nikajiambia kwamba mambo yamekwisha salama na hakuna aliyeumia. Fomu ilipokuja niliijaza kwa penseli siku hiyo hiyo. Sehemu ya njia niliyoitumia niliiandika mara tatu. Iliandikika vizuri sana. Nilieleza kwamba ukijua stesheni mbili zinazochanganyikana unaweza kurudi nyuma kupitia namba zinazotumiwa na zote mbili mpaka uifikie iliyobadilika. Na ni kweli, inawezekana. Tatizo ni kwamba si hivyo nilivyofanya.

Jumamosi iliyofuata, tarehe kumi, Purity alikuja hapa. Alitembea kutoka stendi hadi kwetu na mvua, kwa kuuliza watu nyumba ya mwalimu Marcella. Mama alimpa chai kabla sijajua ni nani. Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema Mbae alimwachisha kazi wiki ile ile, kwa sababu ofisi inayotuma makosa ng'ambo haitapata mteja tena. Alisema amekaa nyumbani kwao tangu wakati huo na mama yake hamsemeshi. Kisha akatoa karatasi yangu, ile niliyoiandika kwa mkono mwezi wa kumi, kwa kuwa yeye huweka kila karatasi ya mteja, akaifungua juu ya meza na kuniomba nimwonyeshe alipokosea, ili asirudie tena popote atakapoajiriwa. Aliniita mwalimu kila sentensi.

Kwenye mstari wa tisa, kwa mwandiko wangu, imeandikwa mia moja hamsini na nane na nusu.

Sasa nitaandika kinachofuata bila kumsomea Mama kwanza, kisha nitamsomea chote kwa pamoja.

Sikukosea, Ireri. Niliandika mia moja hamsini na nane na nusu nikijua kabisa ninachofanya. Hesabu sahihi nilikuwa nimeipata na ilikuwa mbele yangu. Niliifuta.

Wewe ni mtoto wa saba wa mama yetu. Hujawahi kusikia mtu yeyote wa nyumba hii akikuita hivyo, na sasa utajua kwamba haikuwa bahati. Cucu, mama yake baba, hakuruhusu mugwanja, yaani saba, itajwe penye watoto wala mbuzi. Saba ilikuwa namba ya kuita mabaya, ya kuvunja nyumba. Ulipozaliwa mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na Cucu alinikalisha akanifundisha kwamba mtu akiniuliza tuko wangapi niseme sita na Ireri. Nikasema hivyo shuleni, nikasema hivyo kanisani, nikasema hivyo kwa karani wa sensa. Nilipokuwa mkubwa nilicheka. Nimesimama mbele ya madarasa miaka kumi na tano nikiwaambia watoto kwamba saba ni namba kama nyingine, haigawanyiki na basi, na wale wanaoikwepa nawatania mpaka wanaona haya.

Lakini siku zile za Oktoba nilikuwa nimeshika barua yako yenye mwandiko unaoyumba. Nilihesabu vipande vyote nikafika mstari wa tisa, na pale pembeni palikuwa na jina lako, Ireri, na kando yake saba, na wewe umelala na maji kwenye mapafu nchi ya watu. Mkono ulikataa. Nilijiambia ni nafasi moja tu, sentimita ishirini, uzi wenyewe ni mrefu, nani ataona. Mimi niliyelipanga jedwali lile, ninayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba namba zote thelathini na sita lazima zitumike na hakuna hata moja inayoweza kurukwa, niliiruka moja. Nikakutoa kwenye saba nikakuweka kwenye nane, na nane ni ya Mama. Hata umbali uliobaki kati ya mmweko wako wa pili na wa tatu ukawa kumi na nane, na hiyo pia ni ya Mama. Ndiyo maana ulikuwa ukimsikia. Ulipopona wiki iliyofuata, nitakuambia ukweli wote, nilijipongeza.

Kwa hivyo hakuna njia niliyoitumia. Uliponipigia simu Jumamosi ile na kutaja stesheni yako na ya Mama, nilijua kabla hujamaliza sentensi. Simu ilikuwa mkononi mwangu na inafanya kazi. Ningeweza kusema kata mia moja thelathini na nane na nusu, na ungekuwa na siku sita. Nikasema nipe mpaka Jumatatu kwa sababu niliona aibu, nikitaka kupata namna ya kulisema bila kulisema. Mvua haikukuchelewesha, ni mimi niliyekuchelewesha. Nilipokuwa navuka ule mto Jumatano na gambuti zimejaa maji, nilikuwa naomba kwa sauti, na sikuwa naomba nisizame, nilikuwa naomba Ijumaa isifike.

Na uliponiuliza kosa liliingiaje, nikambebesha Purity. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya kwangu ilikuwa fupi kama kutoka stendi ya Kanja hadi mlangoni kwetu.

Nilimwambia Purity yote hapo hapo mezani. Aliuliza kama ni kweli mwalimu wa hesabu anaogopa saba. Nikasema ni kweli. Akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akalia, kisha akasema sasa niende nimwambie Mbae kama nilivyomwambia yeye, bila kupunguza. Jumatatu tulikwenda pamoja. Nilisema mbele ya wateja wawili na mtu wa kutengeneza mashine. Mbae hakupenda, unajua wanaume wa biashara hawapendi kurudi nyuma, lakini wateja walikuwa wakimwangalia. Purity amerudi kwenye meza yake tangu Jumanne, na mshahara wa siku alizokaa nyumbani nimekubaliana na Mbae niulipe mimi. Nimeomba msamaha kwa mama yake pia. Yule mama aliniketisha chini akanisema kwa saa nzima, nikaitikia kila neno, na nilipotoka nilijiona mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu Oktoba.

Sasa nimemsomea Mama. Ameyaacha maharagwe. Ameniambia niandike hivi: Cucu alikufundisha wewe Marcella, lakini mimi ndiye niliyenyamaza, na hata sasa nikihesabu wanangu wakati wa kuomba nasema sita, napumua, halafu nasema Ireri. Amesema pia kwamba yeye hakuona ubaya wa wewe kumsikia, mtoto kumsikia mama yake si kosa, na kama mashine ya Wazungu inaliona hilo kuwa kosa basi ina mengi ya kujifunza. Nimemwambia atulie.

Naijua tabia yako. Ukishamaliza kusoma hapa utaketi chini, utacheka, kisha utaanza kunipangia. Utasema jambo hili libaki kati yetu. Utasema mpiga chapa amesharudishwa, benki imeridhika, nani ataumia. Utasema niliandike tu lile jibu zuri la kwenye fomu, kwa kuwa ningeweza kulifanya hivyo hata kama sikulifanya. Utasema ni zamu yangu sasa, nilikunja barua yangu ya kwanza kwa ajili yenu na hii nisiikunje. Nimeyasikia yote hayo tayari, kwa sauti yako, siku nne nzima nilizokaa na fomu ile mezani kabla Purity hajabisha hodi. Yalikuwa matamu.

Ndiyo maana Ijumaa, kabla sijakuandikia wewe, nilimwandikia profesa wako mwenyewe. Kwa Kiingereza, kurasa mbili, nikakieleza kile kipande na kwa nini nilikibadilisha, nikamwambia kwamba mikono yako haikutetemeka, uliunganisha sawasawa kile ulichopewa, na kwamba maneno aliyokuambia mbele ya watu anapaswa kuyarudisha mbele ya watu hao hao. Fomu nimeitia ndani. Pale alipouliza njia niliyoitumia nimeandika kwamba sikutumia yoyote, na pale chini nimesema kwamba jedwali ni langu kweli, nililipanga kwa vikaratasi, na akitaka kunipima anipime kwa hilo peke yake. Niliiweka posta ya Embu mbele ya macho ya Purity. Itafika kabla ya hii, kwa hivyo usihangaike kunificha. Huwezi tena.

Akikataa, usiniandikie maneno ya kunibembeleza. Niandikie hapana, nitaelewa, na Jumatatu nitakuwa darasani kama kawaida. Akikubali, basi nitakuja nikiwa na kosa langu wazi mkononi, na hakuna mtu huko atakayeweza kunitishia nalo. Usiku wa Ijumaa nililala bila kuamka hata mara moja. Asubuhi Mama aliniuliza kama ninaumwa.

Nthiga na Kawira wanakusalimu. Rwamba anakusalimu na anauliza kama stesheni yake bado inafanya kazi, na kama kuna mshahara. Purity anakusalimu na anasema ukituma kazi nyingine ataipiga chapa mwenyewe, ila atanipigia simu kwanza kuniuliza mstari kwa mstari. Mama anakutumia baraka zake zote, na anasema uvae koti.

Mungu akulinde huko uliko, na akuletee siku moja nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye, aliyekukosea na asiyeficha tena,

Marcella